Mwalimu wa nyumbani anamuinua mtoto, lakini asigeuzwe kuwa mchuuzi wa pointi

Kengele ya adhuhuri inalia, watoto wa zamu ya asubuhi wanatoka shuleni, lakini kwa wengi wao masomo hayajaisha. Katika mitaa ya Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia, wanakula haraka, wanavua uniformu, kisha wanarudi kukaa mbele ya kaye: barazani, sebuleni kwa jirani, katika chumba cha kanisa, ama jioni karibu na taa ya sola. Anayewangojea pale ni mwalimu wa nyumbani, yule wengi wetu tunamwita repetiteri. Anaweza kuwa mwanafunzi wa ISP, mwalimu wa shule anayetafuta cha kuongeza juu ya mshahara, ama kijana mwenye diploma ya taifa ambaye hajapata kazi.

Kuna wazazi wanaoona jambo hili kama anasa ya wenye feza. Wengine wanasema: "Sisi tulisoma bila repetiteri, na tulifaulu." Wengine tena wanalipa kila mwezi bila kuuliza mtoto anafundishwa nini, mradi buletini irudi na pointi nzuri. Sisi tunaona kwamba masomo ya nyongeza, yakifanywa vizuri, yanaweza kumpa mtoto ujuzi na ujasiri ambao darasa lililojaa haliwezi kumpa. Lakini yakifanywa vibaya, yanageuka kuwa kodi nyingine juu ya mzazi, na mara hata hatari kwa mtoto. Ndiyo maana inafaa tuyazungumze waziwazi, kama wazazi, walimu na viongozi.

Tuanze na sababu zinazosukuma wazazi kutafuta msaada. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serkali. Ilibidi tungoje mpaka Septemba 2019 ili neno hilo lianze kutekelezwa inchi nzima. Lilikuwa jambo jema. Watoto waliokuwa wanafukuzwa kila mwezi kwa kukosa franga za prime walirudi darasani, na wengine waliingia shuleni kwa mara ya kwanza. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa mwendo ule ule, wala viti, wala walimu. Leo kuna shule ambapo mwalimu mmoja anajikuta mbele ya watoto 80, 100 ama zaidi. Chukua somo la dakika 30, ligawanye kwa watoto 90: kila mtoto anabakiwa na sekunde 20. Katika sekunde 20 mwalimu hawezi kujua kwa nini mtoto wa kiti cha nyuma amekosea.

Juu ya hayo, weka siku zilizopotea. Mwezi wa Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya Covid-19, na madarasa ya mwisho tu ndiyo yaliyotangulia kurudi mwezi wa Agosti. Mwanzoni mwa mwaka wa shule 2024-2025, walimu wa shule za serkali katika majimbo kadhaa waligoma wakidai mshahara bora. Kisha ikaja vita ya mwanzo wa 2025, Goma ikatekwa mwezi wa Januari, Bukavu mwezi wa Februari. Shule zilifungwa, zingine zilijaa wakimbizi, familia zilitawanyika. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2020 amepita katika hayo yote. Buletini yake inaweza kusema amepanda darasa kila mwaka, lakini masomo aliyoruka hayaonekani kwenye buletini. Yanaonekana siku anapoulizwa kugawanya namba na hajui aanzie wapi.

Benki ya Dunia ilikadiria kwamba, katika inchi yetu, karibu watoto 97 kwa 100 wenye miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mafupi ya umri wao. Inauma kusikia hivyo, lakini mzazi yeyote anayetaka kuhakikisha anaweza kufanya jaribio nyumbani leo jioni. Mpe mtoto wa darasa la tano ukurasa mmoja, asome, kisha muulize kwa Kiswahili umesema nini. Wengi watasoma maneno kwa sauti nzuri na hawatajua kueleza hata sentensi moja.

Hapa tunagusa shida ya lugha, ambayo kwetu ni kubwa. Sheria ya mwaka 2014 juu ya elimu inaruhusu lugha za taifa ama za eneo zitumiwe kufundishia katika shule ya msingi, na huku Mashariki lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini mtoto anapopanda madarasa, Kifaransa ndicho kinachotawala: vitabu, maulizo, mtihani wa mwisho wa darasa la sita, halafu sekondari yote mpaka Examen d'État. Mtoto anaambiwa hajui hesabu, kumbe hakuelewa swali lenyewe.

Tuchukue mfano wa kila siku. Swali linasema: kilo 3 za unga zinanunuliwa kwa franga 6.000, je, kilo 5 zitanunuliwa kwa franga ngapi? Likiandikwa kwa Kifaransa kwenye tablo, nusu ya darasa inaweza kukwama. Mwalimu anasahihisha, anaandika sifuri kwa wino mwekundu, anaendelea na somo linalofuata, kwa sababu programu inamsukuma. Lakini sifuri hiyo inaweza kuwa na maana nne tofauti. Mtoto mmoja hakuelewa Kifaransa cha swali. Wa pili alielewa, lakini hajui kugawanya 6.000 kwa 3. Wa tatu alipata franga 2.000 kwa kilo moja, kisha akakosea kuzidisha kwa 5. Wa nne anajua kugawanya na kuzidisha, lakini hajui aanze na kipi. Watoto wanne wana pointi zile zile, ila kila mmoja anahitaji msaada wake.

Kazi ya repetiteri mzuri inaanza pale. Ana mtoto mmoja, ama wawili, ama wanne mbele yake, na ana muda wa kuuliza: "Swali hili linakuomba nini? Nieleze kwa maneno yako." Mtoto akieleza kwa Kiswahili, mwalimu anaona mara moja shimo liko wapi. Kama shimo liko kwenye meza ya kuzidisha ya darasa la tatu, wanarudi darasa la tatu bila haya, hata kama mtoto yuko darasa la sita. Darasani jambo hilo haliwezekani. Mwalimu hawezi kuwarudisha watoto 90 nyuma miaka mitatu kwa ajili ya kumi. Mtoto ambaye kila Jumamosi anatumwa sokoni kununua unga anajua bei ya kilo 5 kichwani mwake. Anachokosa ni mtu wa kumuonyesha kwamba hesabu ya sokoni na hesabu ya tablo ni hesabu moja.

Mambo haya yamechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1984, Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, alitangaza matokeo yaliyoshangaza wengi: mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake ama katika kikundi kidogo sana, na kusahihishwa hatua kwa hatua, alipita wanafunzi 98 kwa 100 wa darasa la kawaida. Uchunguzi uliofuata ulipata faida ndogo kuliko hiyo, lakini haukukana jambo la msingi: mtoto anayefundishwa kwa ukaribu anaendelea. Huko India, shirika la Pratham lilifanya jambo linalofanana na hali yetu zaidi. Watoto walipangwa kwa muda fulani wa siku kulingana na kile wanachojua kusoma: herufi, maneno, sentensi fupi, hadithi. Umri na darasa viliwekwa pembeni. Njia hiyo iliinua usomaji wa watoto wengi, na mara nyingi wafundishaji walikuwa vijana wa kujitolea wa mtaa, si maprofesa. Vijana wa namna hiyo sisi hatuwakosi.

Sasa tuseme juu ya ujasiri, maana wazazi wengi wanausahau. Mtoto anayeshindwa kila siku mbele ya wenzake hajifunzi tu kwamba amekosea. Polepole anajifunza kunyamaza. Anachagua kiti cha nyuma, anaangalia kwenye kaye ya jirani, anaumwa tumbo siku ya maulizo. Akiulizwa, anasema: "Mimi hesabu haziniingii." Wakubwa wanakubali haraka, wanasema ni kichwa kigumu, ama wanasema kwa msichana kwamba hesabu si mambo yake. Hapo mtoto amefungiwa mlango na watu wanaompenda.

Maneno ya kutia moyo peke yake hayatoshi kuufungua. Kumwambia mtoto "unaweza" huku hajui kugawanya ni kumdanganya, na yeye anajua. Kinachomrudishia ujasiri ni kufanya swali moja peke yake, mwanzo mpaka mwisho, na kuona limetoka. Kesho yake maswali mawili. Katika kikundi kidogo anaweza kukosea bila darasa zima kucheka. Anaweza kuuliza swali ambalo darasani angeona haya kuliuliza. Baada ya majuma kadhaa utaona dalili ndogo: anatoa kaye bila kusukumwa, anamfundisha mdogo wake, anainua mkono darasani. Siku anapoinua mkono ujue masomo ya nyongeza yameanza kufanya kazi, hata kama pointi bado hazijapanda sana.

Kwa sababu hiyo, repetiteri anayemfanyia mtoto kazi za nyumbani anamharibu. Kaye inarudi shuleni safi, pointi zinapanda kwa kazi za nyumbani, lakini mtoto anajua moyoni kwamba si zake. Siku ya mtihani yuko peke yake. Mzazi mwenye akili hamuulizi repetiteri "amepata ngapi?" pekee. Anauliza: "Ni kitu gani mtoto anaweza kufanya leo ambacho mwezi uliopita hakuweza?" Na kama baada ya mwaka mzima mtoto bado hawezi kugusa zoezi bila repetiteri kukaa karibu, hayo si mafanikio. Mwalimu mzuri wa nyumbani anafanya kazi ili siku moja asihitajike.

Sasa tuje kwenye mambo ambayo watu wanayasema kwa sauti ndogo. La kwanza ni biashara ya pointi. Mwalimu wa darasa ndiye anayetunga maulizo, ndiye anayesahihisha, ndiye anayejaza buletini. Akianza kuuza masomo ya nyongeza kwa watoto wale wale wa darasa lake, hata kama ni mtu mwaminifu, kishawishi kiko mezani. Anaweza kufundisha nusu ya somo asubuhi na nusu nyingine mchana kwa wanaolipa. Anaweza kuwapa wanaolipa maulizo yanayofanana na ya kesho. Na mzazi asiyeweza kulipa anaanza kujiuliza kama mtoto wake ameanguka kwa kukosa akili ama kwa kukosa franga. Shaka hiyo tu inatosha kuharibu shule.

Hatutaki kuwatupia walimu mawe. Tangu miaka ya 1990, wakati serkali iliposhindwa kuwalipa, ni wazazi waliobeba mishahara ya walimu kwa prime, na mpaka leo kuna walimu wanaolipwa kidogo, wanaolipwa kwa kuchelewa, na wengine ambao hawajaandikwa kwenye orodha ya mishahara ya serkali. Mwalimu mwenye watoto sita nyumbani lazima atafute. Lakini kuna njia ya kutafuta isiyoumiza darasa: afundishe watoto wa darasa lingine ama wa shule nyingine. Mwalimu wa darasa la tano A awafundishe wa tano B, wa B awafundishe wa A. Direkta wa shule anaweza kuweka kanuni hiyo bila kungoja barua kutoka Kinshasa, na kamati ya wazazi inaweza kumsaidia kuisimamia.

Jambo la pili ni usalama wa watoto, hasa wasichana. Kila mtu hapa amesikia habari za pointi zinazodaiwa kwa mwili. Mzazi anayemfungulia mwalimu mlango wa nyumba yake, ama anayemtuma binti yake kwa mwalimu jioni, anapashwa kuwa macho. Masomo yafanyike pahali panapoonekana: barazani, sebuleni mlango ukiwa wazi, katika chumba cha parokia wakiwepo wengine. Yasifanyike chumbani, wala usiku, hasa katika miji yetu ambapo kutembea saa moja jioni peke yake ni hatari. Na mtoto akisema hataki tena kwenda kwa mwalimu fulani, asichapwe kwanza. Aulizwe, na asikilizwe.

Jambo la tatu ni usawa. Masomo ya nyongeza yakibaki ya wenye feza peke yao, yatapanua shimo lililopo kati ya mtoto wa mfanyakazi wa shirika na mtoto wa mama anayeuza mboga kando ya barabara. Kenya ilijaribu njia ya kukataza: sheria yake ya elimu ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya kulipia wakati wa likizo. Hata hivyo masomo hayo hayakuisha, kwa sababu hofu ya wazazi mbele ya mitihani haikuisha. Kwetu, ambapo mitihani ya taifa inafungua ama kufunga njia ya mtoto, kukataza peke yake hakutasaidia. Ni afadhali tufanye msaada huu uwafikie wengi, kwa bei ndogo, na kwa uwazi.

Inawezekana. Tuchukue mfano wa familia tano za kata moja zenye watoto wenye shida inayofanana. Kila moja ikitoa dola 5 kwa mwezi, mwanafunzi wa chuo atapata dola 25 kwa vipindi vitatu vya juma. Kwake ni kitu, na kwa kila familia ni mzigo unaobebeka kuliko kumlipa mtu peke yake. Familia isiyo na dola 5 inaweza kutoa sebule, taa, ama chai ya mwalimu, na mtoto wake akaingia. Sisi tunaojua likelemba na muziki hatuhitaji kufundishwa ginsi ya kuchanga.

Makanisa, parokia na misikiti zina vyumba vinavyobaki wazi siku za juma. Vyuo vya ualimu, kama ISP Bukavu na ISP Goma, vina vijana wanaojifunza kufundisha. Kama kila kijana wa mwaka wa mwisho angepewa kikundi cha watoto watano wa mtaa kwa miezi mitatu, na kazi hiyo ikahesabiwa katika masomo yake, watoto wangapi wangesaidiwa bila mzazi kutoa franga? Hilo ni swali tunaloliacha kwa wakuu wa vyuo.

Mzazi asiyejua Kifaransa naye asijione hana kazi. Kila jioni, dakika kumi tu, amwambie mtoto: "Leo mlijifunza nini? Nifundishe." Mtoto aeleze kwa Kiswahili, ama kwa Mashi, Kinande au Kihavu, lugha yoyote ya nyumbani. Akikwama, basi pale alipokwama ndipo pa kumuonyesha repetiteri ama mwalimu kesho yake. Kaka na dada waliofika sekondari nao wasingojee kulipwa ili kumsikilizisha mdogo wao meza ya kuzidisha. Na mtoto asiwekwe mbele ya kaye mpaka usingizi umwangushe. Saa moja ya akili iliyopumzika ni bora kuliko saa tatu za kusinzia. Mtoto anahitaji pia kucheza na kulala.

Hakuna hata moja kati ya haya linaloiondolea serkali deni lake. Repetiteri anaziba shimo, hajengi barabara. Kifungu cha 43 kinaahidi shule ya bure, na shule ambayo mtoto hawezi kusomea bila kulipia masomo ya pili mchana bado haijawa ya bure. Mshahara wa mwalimu ulipwe kwa wakati, walimu wasioandikwa waandikwe, madarasa yajengwe, shule zilizogeuzwa makambi zirudishwe kwa watoto. Wanaoshika silaha katika eneo letu, wa upande wowote, wajue kwamba kila juma ambalo shule inafungwa linamfuata mtoto kwa miaka.

Lakini mtoto wa darasa la sita hawezi kungoja amani ikamilike ndipo ajue kugawanya. Mwaka wa shule unakimbia, na mtihani haumuulizi mtoto alikimbia vita mara ngapi. Kama una mtoto anayenyamaza kila ukimuuliza habari za shule, usisubiri buletini ya mwisho wa mwaka. Kaa naye leo jioni, ujue amekwama wapi. Kisha zungumza na majirani wanne, mtafute kijana mmoja anayejua kufundisha, na muanze Jumatatu.